Mshipa Gani?

Tarehe 3 Februari

Binti yangu,

Barua yako imefika ikiwa imeloa upande mmoja, lakini maneno yanasomeka. Unauliza kwa nini sipokei simu. Napokea. Shida ni kwamba nikiiweka sikioni nasikia mvumo tu, na wewe huko unaita "Baba? Baba?" mpaka unakata tamaa. Masikio yangu yameliwa na nyundo na ile mashine ya kushonea turubai. Tuendelee na barua. Barua naisoma kwa mwendo wangu, na nikisahau narudia.

Kazi ipo. Nimepata makochi ya ukumbi wa benki, yote yavuliwe ngozi ya zamani, springi zibadilishwe, sponji iwe mpya. Kochi la watu watatu ukiliinua peke yako ndipo unapokumbuka kwamba ulikuwa na msaidizi anayeitwa ujana, naye ameacha kazi bila kuaga. Nalivuta upande huu, napumzika, nalivuta upande ule. Jirani yangu fundi viatu ananiangalia kutoka mlangoni kwake anacheka. Kuja kushika hawezi, eti ana mgongo.

Mimi mzima. Ila kuna mshipa unanisumbua, huku chini, unanifanya nitembee nimejikunja kidogo. Si kitu cha kukutia wasiwasi. Nimechoka tu, mwanangu. Naamka nimechoka, kabla hata sijagusa nyundo. Nyumba nayo imekuwa kubwa tangu mama yako atutoke, kutoka jikoni hadi chumbani naona kama safari.

Nisalimie hao unaofanya nao kazi.

Baba yako


Tarehe 15 Februari

Baba, shikamoo.

"Si kitu cha kukutia wasiwasi." Ndiyo maneno uliyomwambia Mama siku ile ulipojipiga pini ya stapla kwenye kidole gumba, ukazunguka na kidole kama kiazi mpaka akakuburuta kwenda kutibiwa. Kwa hiyo wasiwasi ninao, tena nimeupata kwa maneno yako mwenyewe.

Mshipa gani, Baba? Lakini hata usiponijibu nimeshajua. Mtu anayeinua makochi peke yake, anatembea amejikunja, mshipa huku chini: watu wa namna hiyo ndio ninaowapokea kila siku. Umesahau nafanya kazi wapi?

Ngoja nikukumbushe, maana kila nikikueleza unasema "kwa yule wa mifupa" kisha unabadilisha mada. Tuko juu ya duka la rangi, vyumba viwili. Chumba cha mbele kuna meza yangu na benchi la kusubiria. Cha ndani kuna kitanda chembamba cha ngozi (kingehitaji mkono wako, sponji yake imebonyea) chenye tundu la kuingizia uso. Mtu analala kifudifudi, bosi wangu anampapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili, anatafuta iliyokaa upande. Akiipata anaikandamiza ghafla, kitu kinalia ko! na mtu anashtuka au anacheka. Watu wanamwita Mnyoosha, naye amelikubali jina. Kazi yangu ni kupokea, kulaza, kubadilisha karatasi ya pale kwenye tundu, na kuupangusa vumbi ule mgongo wa plastiki uliosimama dirishani. Nimewajua watu wa mji huu kwa visogo. Nikikutana nao njiani siwatambui mpaka wanipite.

Mnyoosha anaamini hivi. Ubongo unatuma habari mwilini kupitia mishipa inayotokea kati ya pingili, kulia na kushoto. Pingili ikihama hata kidogo inaukanyaga mshipa, na kiungo kilichokuwa kinasubiri habari kinapata nusu. Ndiyo maana, kwa maneno yake, mtu anaumwa tumbo kumbe kosa liko mgongoni, anakosa usingizi kumbe kosa liko shingoni. Rudisha pingili mahali pake na mwili utajitengeneza wenyewe. Nimeyasema haya kwa wageni mara nyingi mno, siku hizi nayasema huku nikifikiria viatu vyangu vinavyonibana. Jina kamili ni mishipa ya fahamu, lakini hapa kazini tunasema mishipa tu, vinginevyo ulimi ungechoka kabla ya saa sita.

Utaniuliza kama naamini. Kuhusu migongo naamini. Nimeona mtu anaingia ameshika ukuta, anatoka anaimba. Wanapokuja wa pumu na kisukari, mimi nanyamaza nabadilisha karatasi.

Ndani ya bahasha kuna nakala ya chati yetu ya ukutani. Niliiandika mimi: bosi anasoma kutoka kitabu chake, mimi naandika, kila pingili na viungo vinavyoitegemea. Kuna neno moja alilitamka nikaona haya kuliandika, maana mbele ya chati hiyo wanakaa wakwe za watu. Nikaweka la adabu. Mpaka leo hajagundua.

Sasa fanya hivi: lala chali sakafuni, miguu uipandishe juu ya kiti, magoti yakunjwe. Kaa hivyo mpaka mgongo utulie. Fanya asubuhi na jioni. Na hilo kochi usiliinue, tafadhali.

Binti yako, mtaalamu wa visogo


Tarehe 27 Februari

Shemeji,

Kimya changu kilikufanya udhani nimekufa, ukaanza kuchagua kochi la urithi. Bado nipo. Tuliza moyo, uendelee kunyoa watu.

Nakuandikia jambo ambalo siwezi kumwambia mwanamke, sembuse mwanangu. Nina mshipa. Nazungumzia wa kinenani, shemeji, usinifanye nichore picha. Ulianza mwaka jana, kauvimbe kadogo. Nikiinua kitu kizito unashuka, nikilala nausukuma kwa vidole unarudi ndani. Nilikwenda hospitali. Daktari akasema ni ngiri, na haina dawa ila kupasuliwa, tena mapema, kabla haijanasa. Akanipangia siku ya kurudi. Siku hiyo ilipofika nikaenda kununua sponji.

Naogopa kisu. Sioni haya kulisema kwako. Dada yako aliingia pale kwa miguu yake, pochi mkononi, ananiambia nisisahau kufunga dirisha la jikoni. Kilichorudi mikononi mwangu ni pochi. Wewe ulikuwepo, ulinishika mkono.

Sasa sikia maajabu. Nilimwandikia binti nikateleza, nikataja mshipa. Neno moja tu. Yule mtoto ana akili, amenielewa palepale. Na kwa adabu aliyofundishwa na mama yake hakulitaja, akajifanya anauliza "mshipa gani", kisha akaanza kunieleza habari za mgongo na pingili, jinsi zinavyokanyaga mishipa. Halafu akanitumia karatasi ya kazini kwao. Nimevaa miwani nikaitazama. Pale kiunoni, kwenye pingili ya chini, kwa mwandiko wake mwenyewe: utumbo, kinena, mshipa. Na kaniambia wazi kuna neno alilibadilisha kwa haya. Neno gani hilo, kama si hilo?

Kwa hiyo kumbe unatoka mgongoni. Kaniambia nilale chali, miguu juu ya kiti. Nimelala, miguu juu ya kochi la benki, na kweli, shemeji, nikikaa vile unarudi wenyewe bila hata kuusukuma. Yule Mnyoosha wake si mjinga.

Usimwambie kwamba nimekuandikia. Kisu usikitaje kabisa, na lile jina usilitaje. Niapie.

Shemeji yako


Tarehe 9 Machi

Shemeji Springi,

Nimeapa. Neno la kisu na neno la ngiri hayatatoka mdomoni mwangu kwenda kwa mpwa wangu. Niliapa kwa sauti, wembe mkononi, na mteja aliyekuwa kitini akaniomba tuendelee kesho.

Baada ya hapo nisikilize vizuri. Kwenye kiti cha kinyozi wanaume husema wasiyoyasema nyumbani. Nina mteja mpiga rangi aliyebembeleza mshipa wake mpaka siku moja ukatoka ukakataa kurudi. Ukawa mgumu, akatapika kila alichokula, wakambeba juu ya ngazi yake mwenyewe kwa kukosa machela. Amepona, lakini utumbo ulikatwa. Ukilala chali unarudi kwa sababu umelala chali! Hata ungelala juu ya paa ungerudi. Pingili inahusikaje hapo? Una tundu ukutani mwa tumbo, na tundu linazibwa. Wewe fundi wa makochi ndiye wa kuambiwa hilo?

Na dada yangu usimtie humu. Alichelewa kwenda kwa sababu hakutaka kutusumbua, wewe na mimi. Hilo ndilo lililomwua, na wewe unalijua, na sasa unafanya lilelile alilofanya yeye. Nimekuandikia kwa ukali. Nisamehe, lakini sifuti.

Halafu swali moja. Una hakika gani kwamba binti amekuelewa? Umemwuliza?

Mimi ningekuja kukushika sikio, lakini mguu wangu umevimba tena na safari ya siku mbili kwenye basi siiwezi.

Shemeji yako wa wembe


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Asante kwa karatasi. Nimeibandika ukutani juu ya mashine, na kila anayekuja kuchukua kiti chake anaisoma. Fundi viatu amegundua kwamba kila kinachomuuma kinatoka kwenye pingili moja, na sasa anaitaja kwa namba yake kama anataja adui.

Nakushukuru kwa adabu yako. Mwingine angeuliza maswali. Wewe umenielewa na hukunitia aibu, nami sitasema zaidi ya hapo. Tuendelee hivyohivyo.

Zoezi nafanya. Nikilala mshipa unarudi, nikisimama nikainua kitu unatoka tena. Muulize huyo bwana wako kama ndiyo kawaida. Muulize na hili: maumivu yakizidi, niache au niendelee? Najua umenikataza kuinua, lakini benki wanataka makochi yao kabla mwezi wa nne haujaisha, na makochi hayajui kutembea.

Mjomba wako anakusalimu. Ameanza ukali, nadhani ni uzee.

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Baba, shikamoo.

Umenishukuru kwa adabu. Sijui ni ipi, lakini nimeipokea, maana hapa kazini hakuna anayenishukuru hata kwa karatasi safi.

Nimemwuliza bosi alipokuwa anakunywa chai. Nilimwambia: baba yangu mshipa wake unarudi akilala, unatoka akiinua mzigo. Akacheka kidogo. Akasema mshipa hautoki popote, wagonjwa huzungumza hivyo. Kinachotoka mahali pake ni pingili, na pingili iliyozoea kukaa vibaya hurudia ubaya wake mtu akinyanyua kitu. Ni kawaida. Kuhusu maumivu amesema mwanzoni yanaweza kuzidi, mwili unapojipanga upya, kisha yanashuka. Kwa hiyo usiogope, Baba. Endelea, usiache.

Ila kuna jambo alilisisitiza, nami naliandika kama alivyolisema: yeye hatibu watu kwa posta. Anataka akulaze kitandani mwenyewe. Nimeomba likizo mwezi wa tano. Nitakuja kukuchukua, na usinipe hadithi ya makochi.

Nami nimechoka, nikwambie ukweli. Kutwa nzima nasimama, nasema yaleyale, nakunja karatasi. Kuna mama mmoja anakuja kila wiki. Akishaingiza uso kwenye lile tundu analala usingizi hapohapo, bosi anamwacha. Sidhani kama mgongo wake una kosa lolote. Nadhani anatafuta mahali pa kulaza uso bila kuulizwa kitu. Nikimwona natamani kumwambia anipishe na mimi nilale kidogo.

Uwe mpole na huo mgongo mpaka nije.

Binti yako


Tarehe 19 Aprili

Shemeji,

Naandika nimelala, usiucheke mwandiko.

Kochi la mwisho limenishinda. Nililivuta jana, mshipa ukatoka, na safari hii uligoma kurudi. Nililala miguu juu, nikangoja. Ulirudi baadaye sana, shingo upande, kama mtoto anayeitwa kuoga. Leo asubuhi umetoka tena nikiwa nimesimama tu. Ni mgumu na unauma. Chakula sina hamu nacho, nilichojaribu kula nimekirudisha.

Usianze kelele. Binti aliuliza, akajibiwa kwamba mwanzoni maumivu huzidi kabla ya kushuka, niendelee, nisiache. Ameandika kwa mkono wake. Mtoto hawezi kunidanganya.

Ungekuwepo ningekuomba unishikie kichwa tu. Nimechoka kushika kila kitu mwenyewe.

Shemeji yako

Barua hii nampa utingo wa basi la leo jioni, ile ya posta itachelewa.


Tarehe 21 Aprili

Mpwa wangu,

Leo asubuhi nilikupigia simu. Ulipopokea nikakuuliza kama huko kuna mvua. Ukasema hakuna. Nikasema hata huku hakuna. Nikakata. Sasa umejua kwa nini nilipiga, maana mjomba wako hajawahi kujali mvua maishani mwake.

Niliapa kwa baba yako kwamba kuna maneno hayatatoka mdomoni mwangu. Na hata nisingeapa, yangenikwama, maana wewe ni mtoto wa dada yangu na haya niliyonayo ndiyo aliyokuwa nayo yeye. Kwa hiyo mdomo wangu nimeufunga, na naandika. Nimempa dereva wa basi barua hii akuletee mkononi, na nimemwambia asipokukuta asikae chini mpaka akupate.

Baba yako haumwi mgongo. Ana ngiri. Si yule wa porini. Ni ile ya kinena, ambayo watu wazima wakiona haya huiita mshipa. Hospitali walishamwambia apasuliwe, akakimbia kwa sababu ya mama yako. Anaamini wewe unajua. Anaamini tangu mwezi wa pili mnazungumza kitu kimoja kwa adabu. Alisoma neno mshipa kwenye ile karatasi yako, akasema mtoto amenielewa. Na sasa imenasa, anatapika, na anasubiri maumivu yapungue kwa sababu wewe umemwandikia kwamba yatapungua.

Wewe uko nusu siku tu kutoka kwake. Jirani yake fundi viatu nimempigia, nikamwambia avunje mlango ikibidi, lakini unajua yule mzee, akisema hataki kwenda atamshinda fundi viatu. Wewe hatakushinda.

Nenda sasa. Usiimalize hata chai.

Mjomba


Tarehe 25 Aprili

Baba,

Naandika barua hii nikiwa nimekaa kwenye benchi la korido, nje ya mlango wa wodi ya wanaume. Kati yangu na wewe kuna ukuta mmoja na pazia la kijani. Nesi atakuletea. Nimemwomba akupe na kalamu.

Daktari amenieleza yote, kwa hiyo usihangaike kuchagua maneno. Ilikuwa imenasa. Wamekata kipande cha utumbo, wameunga, wameziba. Amesema tungechelewa hadi jioni ile tusingekuwa na la kuunga. Nilimsikia vizuri, nikamshukuru, nikatoka nje nikalia karibu na mabomba ya maji, na fundi viatu akanishikia pochi.

Hukumbuki mengi ya siku ile, naona. Nilikukuta juu ya kochi la benki, lile la mwisho, umejikunja, fundi viatu amekaa sakafuni anakupepea na ile chati yangu. Alikuwa ameibandua ukutani. Hakuwa na kitu kingine cha kupepea.

Nimekasirika, Baba. Nimekukasirikia wewe, nimejikasirikia mimi, nimemkasirikia na bosi wangu. Siku ile alinisomea kutoka kitabu chake: pingili hii, utumbo, kinena, ngiri. Nikaona haya kuandika ngiri ukutani. Nikaandika mshipa. Hilo ndilo neno la adabu nililokuambia. Wewe ukaona haya kuandika ngiri kwenye barua, ukaandika mshipa. Wote wawili tumekimbilia neno moja, kila mtu akadhani mwenzake amefika upande wake. Mimi nilikuwa naongea na mgongo, na wewe ulikuwa unaongea na kifo.

Bosi nimempigia. Akasema yeye hajawahi kudai anatibu ngiri, alisoma tu kama alivyofundishwa. Nikamwambia, kitabu kikidai na ukuta ukidai, mgonjwa atajuaje kwamba wewe hudai? Akasema basi atalifuta lile neno. Nikamwambia asifute. Aliandike lilivyo, kwa herufi kubwa, na chini yake aandike: nenda hospitali. Ameniambia nikirudi niandike mimi, mwandiko wangu ni mzuri. Sijui kama nitarudi. Kama nitarudi, kitu cha kwanza nitafanya hicho.

Sasa kuhusu haya mambo ya wodini. Nesi ameniambia umeagiza nirudi nyumbani nikapumzike. Jana nilichungulia ukageukia ukutani. Leo asubuhi nilichungulia tena ukageukia ukutani. Najua unaona aibu, kwa sababu ya mahali kidonda kilipo, na kwa sababu nimejua. Baba, sitaki kuona kidonda. Kidonda kina nesi wake. Mimi nimefanya kazi mwaka mzima na zaidi nikiangalia visogo vya watu, nimechoka na visogo. Nimekuja nusu siku kwenye basi bila kumaliza chai, na wewe nawe unanipa kisogo.

Nataka kukuona uso. Basi.

Sitoki hapa kwenye benchi.

Binti yako


Tarehe hiyohiyo, nyuma ya karatasi yako

Mwanangu,

Ni ngiri. Haya, nimeliandika. Nesi ameliona, mgonjwa wa kitanda cha pili ameliona maana alinisaidia kushika karatasi, na paa bado liko juu.

Niliogopa kisu kwa sababu ya mama yako, lakini nikwambie na lingine. Mama yako alikuwa anajua mambo yangu kabla sijasema. Nilikuwa nikiingia mlangoni tu anajua kama nina njaa au nina hasira au kidole kinauma. Tangu aondoke nimekuwa nikisema na kuta. Ulipoandika ile barua ya pingili, nikajiambia, amepatikana mwingine anayejua bila kuambiwa. Ilinipa raha sana. Sikutaka kukuuliza, nisije nikagundua kwamba hujui. Mjomba wako aliniuliza kama nina hakika, nikamwona mkali.

Haikuwa haki kukutwisha hilo. Mtoto huambiwa. Kuanzia sasa nitakuambia, hata yasiyofaa, na wewe utajuta.

Mwambie mjomba wako kiapo chake nimekisamehe, na kwamba yule wa porini ameshakamatwa. Mwambie fundi viatu kochi la benki asilikalie.

Nesi anasema kujigeuza kunauma kwa sababu ya nyuzi, nifanye polepole. Nimefanya polepole, ndiyo maana jibu limechelewa. Nilipoanza kuandika nilikuwa natazama ukuta. Sasa natazama mlango.

Ingia.

Baba